Kibali cha Majitaka Bila Kipimo ni Ruzuku kwa Mchafuzi

Kifungu cha 74 cha Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya Kenya ya mwaka 1999 husomwa na wengi kinyume. Wapo wanaodhani kinamkataza mwenye kiwanda kumwaga majitaka yake katika mabomba ya umma. Ukweli ni kwamba kinamwamuru ayamwage humo na si kwingineko, mradi bomba lipo na mamlaka inayoliendesha imempa leseni. Mantiki yake ni njema: heri uchafu wa viwanda mia uelekezwe mahali pamoja penye wataalamu na mitambo kuliko kila kiwanda kujitafutia mto wake. Lakini mantiki hiyo husimama kwa sharti moja, kwamba anayetoa leseni anajua ni kitu gani kinaingia katika bomba lake, kwa kiasi gani, na kama mtambo ulioko mwisho wa bomba unakimudu. Sharti hilo likikosekana, leseni hugeuka stakabadhi ya ada iliyolipwa, na gharama halisi ya uchafu huhamia kwa watu ambao hawakuulizwa: mlipaji wa ankara ya maji, kibarua anayezibua chemba, na mkulima anayemwagilia sukuma wiki kwa maji ya mto. Hoja ya makala haya ni kwamba kibali cha majitaka ya viwandani hakizidi thamani ya kipimo kinachokitegemeza, na kwamba miji ya Afrika Mashariki ina sheria za kutosha upande wa karatasi ilhali upande wa kipimo haujasimama.

Ili kuona kwa nini kipimo kina uzito huo, tuangalie mtambo wenyewe. Sehemu kubwa ya majitaka ya Nairobi huishia katika mabwawa yaliyoko Ruai, mashariki mwa jiji, yanayojulikana rasmi kwa jina la Dandora, ambayo yalisanifiwa kupokea mita za ujazo 160,000 kwa siku. Mtambo mwingine, mdogo zaidi, uko Kariobangi. Katika mabwawa ya aina hii kazi hufanywa na bakteria, mwani, jua na muda. Bakteria hula uchafu, mwani huwapa oksijeni, na siku nyingi za kutuama juani huua vimelea vya maradhi. Kisha maji huingia Mto Nairobi, yakaungana na Athi, na hatimaye kufika Bahari ya Hindi karibu na Malindi, mto ukiwa umeshapewa jina la Sabaki. Ni teknolojia inayozifaa nchi zetu, kwa sababu haitaki umeme mwingi na joto letu huisaidia. Vingunguti jijini Dar es Salaam kuna mabwawa ya namna hiyo hiyo, karibu na Mto Msimbazi. Udhaifu wake ni kwamba viumbe wanaofanya kazi humo wamezoea uchafu wa choo, bafu na jiko. Hawawezi kugoma wala kulalamika wakiletewa kitu kingine. Hufa, na mtambo ukaendelea kupokea na kutoa maji kana kwamba hakuna kilichotokea.

Uchafu wa viwandani huyashinda mabwawa hayo kwa njia tatu. Ya kwanza ni wingi wa kitu ambacho bakteria wanaweza kukila, ila si kwa kiasi hicho. Kipimo chake ni BOD, yaani oksijeni inayohitajiwa na vijidudu ili kuumeng'enya uchafu. Majitaka ya nyumbani huwa na miligramu mia chache kwa lita, ilhali damu ya machinjioni hupita 100,000. Lita moja ya damu, basi, huutwisha mtambo kazi ya mamia ya lita za maji ya nyumbani, na machinjio yasiyokinga damu yanaweza kulifanya bwawa lioze na kunuka. Njia ya pili ni vitu visivyolika kabisa: kromi ya viwanda vya ngozi, risasi ya betri, zinki ya wapaka mabati, chumvi, na rangi nyingi za viwanda vya nguo. Hivi havitoweki. Ama hutuama katika tope, tope likawa sumu badala ya mbolea, ama hupita moja kwa moja hadi mtoni. Njia ya tatu haisubiri hata kufika bwawani. Mafuta huganda ndani ya bomba na kuliziba. Asidi hula saruji. Salfaidi ya kiwanda cha ngozi ikikutana na asidi hutoa gesi ya hidrojeni salfaidi, ambayo humuua anayeshuka ndani ya chemba kabla hajajua kilichompata. Viyeyusho vinavyowaka ni hatari zaidi. Alfajiri ya tarehe 13 Februari 1981, heksani iliyoponyoka kutoka kiwanda cha kusindika soya mjini Louisville, Marekani, ililipuka ndani ya mabomba ya majitaka na kuzichimbua barabara za mji. Bomba la majitaka ni mali ya pamoja, na kosa la mmoja huwafikia wote waliounganishwa nalo.

Ni kwa sababu hizo nchi zilizotangulia kuwa na viwanda hazikuachia hiari ya mwenye kiwanda. Uingereza ilitunga sheria mwaka 1937 iliyompa mfanyabiashara haki ya kutumia bomba la umma, lakini kwa idhini, na notisi yake ilipaswa kutaja asili ya majitaka, kiasi cha juu kwa siku moja na kasi ya juu ya kuyamwaga. Mtindo huo unaonekana hadi leo katika sheria za maji za makoloni yake ya zamani. Sheria ya Maji ya Kenya ya mwaka 2016 nayo inakataza kumwaga majitaka ya biashara katika bomba la mtoa huduma bila idhini yake. Marekani ilipita njia nyingine. Sheria yake ya maji safi ya mwaka 1972, pamoja na kanuni za mwaka 1978, zililitwika jiji lenyewe wajibu: mitambo inayopokea zaidi ya galoni milioni 5 kwa siku, takriban mita za ujazo 19,000, na inayopokea uchafu wa viwandani wa kuivuruga, lazima iwe na mpango kamili wa kuvidhibiti viwanda hivyo. Jiji hutoa vibali visivyozidi miaka mitano, hukagua na kuchukua sampuli zake angalau mara moja kwa mwaka kwa kila kiwanda kikubwa, na kila mwaka hulazimika kutangaza hadharani majina ya waliovunja masharti kwa kiwango kikubwa. Kwa kigezo hicho, Ruai ingekuwa zaidi ya mara nane ya mtambo unaohesabiwa kuwa mkubwa.

Tukirudi Kenya, Kanuni za Ubora wa Maji za mwaka 2006 ziliweka viwango viwili vinavyofaa kusomwa pamoja. Anayemwaga majitaka katika mazingira, yaani mtoni au ardhini, alitakiwa asizidi miligramu 30 za BOD kwa lita. Anayemwaga katika bomba la umma aliruhusiwa hadi 500. Tofauti hiyo ya miligramu 470 ndiyo kazi ambayo jiji limekubali kumfanyia mwenye kiwanda, nayo ni huduma yenye gharama ya ardhi, wafanyakazi, matengenezo na uondoaji wa tope. Hakuna ubaya wowote katika huduma hiyo kama inalipiwa na kama mtambo unaiweza. Tatizo ni kwamba kiwango kinachotajwa kwa miligramu kwa lita kinasema uchafu umekolea kiasi gani, wala hakisemi ni mwingi kiasi gani. Chukua kiwanda kinachotoa mita za ujazo 100 kwa siku zenye BOD ya 1,000. Kimevunja sheria, nacho kinamwaga kilo 100 za uchafu. Kikifungua bomba la maji safi na kuongeza mita nyingine 100, kipimo kitashuka hadi 500 na kiwanda kitakuwa kimetii, huku bwawa likipokea kilo zile zile 100, sawa na uchafu wa watu wapatao 2,000. Kilichobadilika ni kwamba maji ya kunywa yamepotea katika jiji ambalo mitaa mingi hupata maji kwa mgao. Kanuni za Marekani zinakataza waziwazi kuzimua uchafu ili kukwepa kuutibu. Nasi tunahitaji katazo hilo liandikwe ndani ya kila kibali, na liambatane na kikomo cha kilo kwa siku.

Kibali chenye maana, kwa hiyo, hukokotolewa kutoka mwisho wa bomba kurudi mwanzo. Swali la kwanza ni mtambo huu unaruhusiwa kutoa nini mtoni na tope lake litakwenda wapi. La pili ni uwezo wake halisi leo, si ule ulioandikwa kwenye michoro. La tatu ni majumba yanautumia kiasi gani cha uwezo huo, kwa sababu mwenye nyumba ndiye aliyejengewa kwanza. Kinachobaki ndicho cha kugawia viwanda. Kanuni za 2006 zenyewe zilidokeza fikra hiyo zilipoweka kikomo kikali zaidi cha mafuta na grisi pale ambapo mabwawa ndiyo hatua ya mwisho, miligramu 5 kwa lita, kuliko pale penye mitambo ya kawaida, miligramu 10. Lakini kwa vitu vingi namba ni moja kwa nchi nzima, kana kwamba bomba la mji mdogo wenye kiwanda kimoja cha maziwa na bomba la Industrial Area ya Nairobi yana uwezo mmoja. Kwa hesabu ya namna hii, viwanda hamsini vinaweza kila kimoja kutii kiwango chake na kwa pamoja vikauangusha mtambo, bila yeyote kuwa na hatia.

Kisha huja suala la sampuli, na hapa ndipo vibali vingi hufia. Viwanda vya nguo na vya ngozi havimwagi kwa mtiririko sawa. Humwaga kwa mikupuo, pale pipa la rangi au la kemikali linapomaliza kazi yake, na mkupuo huo unaweza kuwa saa nane za usiku. Mkaguzi anayefika saa nne asubuhi kwa miadi na kuchota chupa moja hupima asubuhi ile tu. Kinachohitajika ni chemba ya sampuli iliyo nje ya uzio, ambayo mkaguzi aweza kuifungua bila kubisha hodi, sampuli inayokusanywa kidogo kidogo kwa saa 24, na mita inayohesabu maji yanayotoka. Pamoja na hayo, mizania ya maji: kiwanda kimenunua kiasi gani, kimechota kiasi gani kisimani kwake, kiasi gani kimeingia katika bidhaa au kupotea kama mvuke, na kiasi gani kimefika bombani. Mizania isipofunga, kuna njia ya pili ya kutokea ambayo haijatajwa katika maombi ya kibali.

Bei nayo ni sehemu ya kipimo. Katika miji yetu malipo ya majitaka kwa kawaida huhesabiwa kama asilimia ya maji yaliyouzwa. Njia hii ni rahisi na inawafaa wenye nyumba, lakini kwa viwanda inapotosha mara mbili. Kiwanda chenye kisima chake, na Nairobi visima vya namna hiyo ni vingi, kinaweza kujaza bomba la umma kwa maji ambayo hayakuwahi kupita katika mita ya kampuni ya maji. Na kiwanda cha kujaza maji ya chupa hulipa kwa kila mita ya ujazo sawa na kiwanda cha ngozi. Waingereza walilitatua hili kwa hesabu inayoitwa kanuni ya Mogden, iliyopewa jina la mtambo wa majitaka ulioko magharibi mwa London: mwenye kiwanda hulipa kwa ajili ya kusafirisha maji yake, kuyatibu kwa ujazo wake, kuyatibu kwa ukali wake wa kikaboni, na kuondoa tope lake. Faida kubwa ya hesabu hiyo ni kwamba kila kilo ya sukari, hamira au mafuta inayoponyoka huonekana katika ankara, na mwenye kiwanda hujifunza mwenyewe kwamba anatupa malighafi. Kwa sumu zisizolika, hata hivyo, bei haitoshi wala haifai. Hakuna mtu anayestahili kuuziwa haki ya kuweka risasi katika tope litakalotandazwa shambani. Uchafu unaolika utozwe bei. Sumu iwekewe kikomo au ikatazwe.

Pingamizi la kwanza, na linalosikika zaidi, ni ajira. Husemwa kwamba nchi inayohangaika kuvutia viwanda haiwezi kumtwisha mwekezaji mzigo ambao jirani yake hamtwishi. Hoja hii ina uzito, lakini inadhani kwamba mzigo haupo mpaka sheria iutaje. Mzigo upo tayari. Swali ni nani anaubeba. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao, lakini hapa mchumaji hali kabisa. Wanaokula ni wakazi wa Mukuru wanaoishi kando ya Mto Ngong unaopita viwandani, na wakulima wa mashariki mwa Nairobi ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakimwagilia kwa majitaka. Kiwanda kinachookolewa kwa njia hiyo kinapewa ruzuku ambayo bunge halikuijadili wala bajeti haikuiandika. Zaidi ya hayo, sharti la haki lina muda ndani yake: kibali kinaweza kutoa miezi ya kujenga tangi la kusawazisha, kutenganisha mkondo wa kromi na mikondo mingine, au kukinga damu na kuiuza kama chakula cha mifugo, mradi tarehe ziandikwe na ziheshimiwe. Kinachomwogopesha mwekezaji makini ni sheria inayolala miaka kumi na kuamka siku ya msako.

Pingamizi la pili linahusu wadogo. Gereji ya jua kali, mahali pa kuoshea magari, hoteli ya nyama choma na dobi hawawezi kugharimia vipimo vya maabara. Ni kweli, na kuwadai vipimo hivyo ni kuwafungulia wakaguzi mlango wa rushwa. Njia iliyo bora ni kuwapanga kwa ngazi. Kwa wadogo, kibali kiwe kanuni ya jumla yenye masharti yanayoonekana kwa macho: mtego wa mafuta uliopo na unaosafishwa, pipa la mafuta machafu ya injini linalochukuliwa na mtu anayejulikana, wavu wa kukinga mchanga. Kwa shughuli zenye sumu zilizo ndogo mmoja mmoja lakini nyingi kwa pamoja, kama uchunaji na utengenezaji wa ngozi, mtambo wa pamoja ndio jibu. Mji wa Santa Croce sull'Arno nchini Italia umetibu majitaka ya viwanda vyake vya ngozi kwa mtindo huo kwa miongo kadhaa, na Kenya ilichagua mwelekeo huo ilipopanga eneo la viwanda vya ngozi la Kenanie, Kaunti ya Machakos, likiwa na mtambo wake wa pamoja. Nguvu za maabara zielekezwe kwa viwanda vichache vikubwa vinavyoweza kuubadilisha mtambo kwa siku moja.

Pingamizi la tatu ni la kimkakati: ukikaza bombani, watakimbilia mtoni. Hatari hiyo ipo, lakini inathibitisha hoja yenyewe. Anayekimbia bomba huacha alama katika mizania ya maji, kwa kuwa kiwanda kilichonunua maji mengi na kutoa kidogo lazima kieleze mengine yamekwenda wapi. Kinachomwezesha kukimbia ni mgawanyiko wa mamlaka: kampuni ya maji hutazama bomba, mamlaka ya mazingira hutazama mto, mamlaka ya rasilimali za maji hutazama kisima, kaunti hutazama leseni ya biashara, na kila mmoja ana jalada lake. Dawa yake ni rekodi moja ya kila kiwanda ambayo wote wanaisoma na kuiandikia, huku kibali cha bomba kikitolewa na mwenye bomba peke yake.

Pingamizi la nne ndilo gumu kuliko yote. Je, kampuni ya maji inaweza kumhukumu mteja wake mkubwa, hasa ikiwa mabwawa yake yenyewe hayafikii kiwango? Mgongano wa maslahi ni wa kweli: kiwanda kikubwa hulipa ankara kubwa, na meneja anayekifunga anafunga mapato yake. Hauondolewi kwa kuhubiri uadilifu, bali kwa kuweka namba mahali ambapo kila mtu anaziona. Matokeo ya sampuli za viwanda na ya mtambo wenyewe yachapishwe pamoja, ili jiji lisipate nafasi ya kujificha nyuma ya viwanda, wala viwanda nyuma ya jiji. Pia wanaotoa leseni wanapaswa kujua kwamba hawako salama nyuma ya muhuri wao. Katika kesi ya Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa uliotiwa sumu ya risasi na kiwanda cha kuyeyusha betri, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ilitoa fidia ya Sh1.3 bilioni mwaka 2020, ikigawa lawama kati ya kiwanda na taasisi za serikali. Mahakama ya Rufaa iliitengua fidia hiyo, lakini Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Kesi ile haikuhusu bomba la majitaka, lakini fundisho lake linahusu kila leseni: anayeruhusu bila kufuatilia anashiriki deni.

Na deni hili halibaki mbali na aliyelitengeneza. Kampala imejenga mtambo mpya Bugolobi wenye uwezo wa mita za ujazo 45,000 kwa siku, na maji yake hufuata mfereji wa Nakivubo hadi Ghuba ya Murchison katika Ziwa Victoria, ghuba ile ile ambamo mitambo ya Ggaba huchota maji ya kunywa ya jiji. Mtambo wa fedha nyingi kama huo unaweza kuharibiwa na kiwanda kimoja kisichopimwa, na wa kwanza kuyanywa matokeo ni wakazi wa mji uliokipa kibali. Kwa hiyo, kabla ya serikali zetu kukopa tena kwa ajili ya mabomba na mabwawa mapya, zianze na kazi iliyo rahisi zaidi: kuorodhesha kila kiwanda kilichounganishwa, kuweka mita na chemba ya sampuli nje ya kila uzio mkubwa, kuandika vikomo vya kilo badala ya miligramu pekee, na kuchapisha matokeo kila mwaka kwa majina. Kampuni ya maji isiyoweza kueleza ni kilo ngapi za nini ziliingia katika bomba lake mwaka jana haina msingi wa kutoa kibali kingine mwaka huu.